Uchaguzi wa gitaa la solo

Gitaa la solo ni gitaa la umeme linalobeba sauti ya mbele katika bendi. Ndilo linalofungua wimbo, linalojibizana na mwimbaji, na linaloachiwa uwanja peke yake pale waimbaji wanaponyamaza. Hutofautishwa na gitaa la ridhimu, ambalo hushikilia mapigo na mwendo wa wimbo, na gitaa la besi, ambalo kwa kawaida huwa na nyuzi nne nene. Katika muziki wa dansi wa Kongo, Tanzania na Kenya mara nyingi huwapo gitaa jingine liitwalo solo ya pili au mi-solo, linalokaa kati ya solo na ridhimu.

Hakuna kiwanda kinachotengeneza gitaa likaitwa la solo tangu kuzaliwa kwake. Gitaa lolote la umeme lenye nyuzi sita laweza kufanya kazi hiyo. Hata hivyo magitaa hayafanani, na kinachomfaa mpigaji mmoja humchosha mwingine. Uchaguzi huwa mgumu zaidi kwa yule anayenunua gitaa moja tu kwa akiba ya miaka, kwa sababu kosa lake hukaa naye muda mrefu.

Historia fupi

Gitaa la umeme lilitokana na tatizo la sauti ndogo. Katika miaka ya 1920 na 1930 bendi za Marekani zilijaa tarumbeta, saksofoni na ngoma, na gitaa la kawaida halikusikika. Mwaka 1932 kampuni iliyokuja kujulikana kama Rickenbacker ilianza kuuza gitaa la kulaza mapajani lililopewa jina la utani la Kikaango kutokana na umbo lake. Gibson ilitoa ES-150 mwaka 1936. Aliyeonyesha kwamba chombo hiki kinaweza kusimama mbele kama saksofoni ni Charlie Christian, aliyejiunga na Benny Goodman mwaka 1939. Alipiga sauti moja moja badala ya kufuatisha mapigo tu. Alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25, lakini njia aliyoifungua ndiyo wanayopita wapiga solo hadi leo.

Magitaa ya mwili mgumu, yasiyo na tumbo wazi ndani, yalienea baada ya mwaka 1950. Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, alitoa gitaa ambalo baadaye liliitwa Telecaster, kisha Stratocaster mwaka 1954. Gibson ilijibu kwa Les Paul mwaka 1952. Magitaa mengi yanayouzwa madukani sasa, hata yale ya bei ndogo yenye majina mageni, ni nakala au watoto wa hayo matatu. Kwa hiyo anayeyaelewa hayo ana ufunguo wa karibu mengine yote.

Mkono na mtindo wa mpigaji

Kabla ya kutazama gitaa, hutazamwa mkono. Wapiga solo wapo wa namna nyingi: wapo wanaotumia piki, yaani kile kipande kidogo cha plastiki, na wapo wanaocharaza kwa vidole vitupu. Franco Luambo wa OK Jazz alijulikana kwa kunyofoa nyuzi mbili kwa pamoja kwa kidole gumba na cha shahada, na sauti yake ilitoka nzito na yenye makali. Mark Knopfler wa Uingereza naye huacha piki na kutumia vidole juu ya Stratocaster. Wes Montgomery, mpigaji wa jazi, alitumia gumba tu juu ya gitaa kubwa lenye tumbo wazi la Gibson, na sauti yake ikawa ya mviringo isiyo na ncha. Mtu anayepiga kwa vidole huhitaji nafasi ya kutosha kati ya uzi na uzi. Shingo nyembamba mno humbana.

Jambo la pili ni anachofanya mkono unaobonyeza. Mpigaji wa bluzi huvuta uzi pembeni ili sauti ipande taratibu kama mtu anayelia. Huyo hahitaji nyuzi ngumu wala ubao wa shingo uliopinda sana. Mpigaji wa sebene havuti sana. Hurudia vifungu vifupi kwa kasi, juu kabisa ya shingo karibu na mwili wa gitaa, mpaka wachezaji wachoke. Anachohitaji ni njia safi ya kufika freti za juu na sauti inayokatika vizuri. Mpigaji wa hevi metali hukimbia kwa kasi kubwa na sauti iliyokwaruzwa, na kwake gitaa linalonguruma lenyewe wakati halipigwi ni adhabu.

Yapo pia maumbile. Tony Iommi wa Black Sabbath alipoteza ncha za vidole viwili kiwandani akiwa kijana. Alivitengenezea vidole hivyo vifuniko, akafunga nyuzi nyepesi, na baadaye akalegeza nyuzi zake chini ya kiwango cha kawaida ili zisimuumize. Sauti nzito ya bendi yake imetokana kwa sehemu na jeraha hilo. Kwa wapigaji wa mkono wa kushoto magitaa ni machache na ghali. Jimi Hendrix aligeuza Stratocaster ya mkono wa kulia juu chini na kuzipanga upya nyuzi. Albert King aliligeuza bila hata kuzipanga, akawa na uzi mwembamba upande wa juu.

Pikapu

Pikapu (si lile gari la mizigo) ni kifaa kilichowekwa chini ya nyuzi ili kuzinasa. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake huvuruga uga wa sumaku, na mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani ya waya. Mwanafunzi wa fizikia wa sekondari ataitambua hapo kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazitoi sauti yoyote kwenye gitaa la namna hii. Na kwa kuwa kila kitu kingine hupita hapa, pikapu ndiyo sehemu inayoamua sauti kuliko sehemu nyingine ya gitaa lenyewe.

Pikapu ya koili moja, iliyo kwenye Stratocaster na Telecaster, hutoa sauti angavu yenye kingo. Kila uzi husikika mbalimbali na wenzake, hata bendi inapokuwa na magitaa matatu na safu ya tarumbeta. Kasoro yake ni kwamba hunasa pia mngurumo wa umeme wa nyumba, mzunguko wa 50 kwa sekunde katika Afrika Mashariki na 60 Marekani. Katika ukumbi wenye taa za mirija, au karibu na jenereta na nyaya ndefu zisizo na ardhi nzuri, mngurumo huo husikika kila mpigaji anapopumzika. Ukikwaruzwa na amplifaya huongezeka maradufu.

Dawa ya mngurumo ilipatikana kwa Gibson mwaka 1955, pale mhandisi Seth Lover alipounganisha koili mbili. Zimezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, hivyo mngurumo wa koili moja huufuta wa nyingine, lakini sauti ya nyuzi hujumlishwa. Pikapu hiyo, hambaka, hutoa sauti nene zaidi, yenye nguvu zaidi, na yenye makali machache. Ndiyo iliyoifanya Les Paul ipendwe na wapigaji wa roki. Les Paul ya umbo la awali ilikwisha kuachwa na kiwanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa wanunuzi. Baada ya Eric Clapton kuitumia katika albamu ya mwaka 1966 pamoja na John Mayall, wapigaji walianza kuitafuta, na mwaka 1968 Gibson ikairudisha sokoni. Kati ya aina hizo mbili ipo P-90, ambayo ni ya koili moja lakini pana, yenye sauti nzito zaidi ya ile ya Fender, ingawa nayo hunguruma.

Mahali pikapu ilipo huwa na uzito sawa na aina yake. Karibu na shingo uzi hutikisika kwa upana, na sauti huwa ya joto na ya mviringo. Karibu na daraja mtikisiko ni mdogo, na sauti huwa nyembamba na kali. Solo inayotakiwa kupenya katikati ya vyombo vingi hupigwa kwa pikapu ya daraja. Stratocaster ina pikapu tatu, na swichi yake ya kwanza ilikuwa na vituo vitatu. Wapigaji waligundua kwamba swichi ikikwama katikati ya vituo hutoka sauti tamu yenye mlio kama wa kengele, wakawa wanaikwamisha kwa makusudi. Fender ilikubali mwaka 1977 na kuweka swichi ya vituo vitano.

Wapo waliokataa kuchagua. Eddie Van Halen alichukua mwili wa umbo la Stratocaster na kuutia hambaka, na katika miaka ya 1980 viwanda vingi vikafuata mfano huo. Gitaa lenye hambaka kwenye daraja na koili moja mbili mbele huenda ndilo linalomfaa zaidi mpigaji anayelazimika kupiga kila kitu, injili Jumapili na dansi Jumamosi.

Urefu wa uzi, shingo na freti

Urefu wa uzi unaotikisika, kutoka kichwani mwa shingo hadi darajani, ni milimita 648 kwa magitaa ya Fender na karibu 628 kwa mengi ya Gibson. Tofauti ni upana wa kidole tu, lakini mkazo wa uzi hukua kwa mraba wa urefu wake. Nyuzi zilezile, katika sauti ileile, hukazwa kwa takribani asilimia 6 zaidi kwenye gitaa refu. Mwenye vidole vifupi au anayependa kuvuta nyuzi hulifurahia gitaa fupi. Anayepiga kwa nguvu, au anayetaka sauti inayokatika upesi, hufaidi refu. PRS, kampuni iliyoanza mwaka 1985, ilichagua milimita 635, katikati ya wawili hao.

Unene wa nyuzi huweza kurekebisha mengi. Seti nyepesi iliyozoeleka huanza na uzi wa kwanza wa milimita 0.23, na inayofuata 0.25. Stevie Ray Vaughan alitumia uzi wa kwanza wa takribani milimita 0.33, mnene kama wa gitaa lisilo la umeme, huku akilegeza gitaa lote kwa nusu sauti. Vijana wengi wamemwiga na kupata malengelenge bila kupata sauti yake. Hakuna aibu katika nyuzi nyepesi.

Ubao wa shingo nao una mpindo kutoka upande hadi upande. Stratocaster za zamani zilipinda sana, zikawa rahisi kwa kiganja kinachoshika sauti za pamoja, lakini uzi wa kwanza ukivutwa sana katika freti za juu hugusa freti inayofuata na kunyamaza ghafla. Ubao wa Gibson umelala zaidi, na ule wa magitaa ya kasi kama Ibanez umelala karibu kabisa. Kuhusu freti, 21 au 22 humtosha mpigaji wa kawaida. Freti 24 hukamilisha oktava mbili kwenye kila uzi, na hupendwa na wanaokimbia juu. Kwa sebene idadi hiyo si muhimu kama mkato wa mwili wa gitaa unaoruhusu mkono kufika huko bila kujikunja. Katika hilo Stratocaster yenye pembe mbili huishinda Les Paul yenye pembe moja na shingo iliyogundishwa kwa kitako kinene.

Mbao na uzito

Maduka hupenda kusifia mbao. Katika gitaa la umeme mchango wa mbao kwa sauti ni mdogo kuliko unavyotangazwa, na mnunuzi wa fedha kidogo hafai kulipia zaidi kwa sababu hiyo pekee. Uzito ni jambo jingine. Les Paul ya mahogani mara nyingi hufika kilo 4 au kupita. Mwanamuziki anayepiga dukani kwa dakika kumi haoni tatizo, lakini katika dansi linaloanza saa tatu usiku na kwisha alfajiri, mkanda huo huo utamkata bega.

Magitaa yenye tumbo wazi, kama ES-175 ya mwaka 1949, yana sauti laini inayopendwa katika jazi. Yakiwekwa mbele ya spika zenye sauti kubwa hupiga yowe, kwa sababu sauti ya spika huutikisa mwili wa gitaa na kurudi tena kwenye pikapu. ES-335 ya mwaka 1958 ilipunguza tatizo kwa kuweka gogo la mbao katikati ya tumbo. B.B. King, aliyeyaita magitaa yake yote Lucille, alipata mwaka 1980 toleo la Gibson lenye jina hilo lisilo na yale matundu ya usoni.

Daraja

Daraja lisilosogea ndilo rahisi zaidi: gitaa hukaa katika sauti yake, na uzi ukikatika tano zilizobaki haziyumbi. Mkono wa tremolo wa Stratocaster humruhusu mpigaji kuitingisha sauti, lakini hudai uangalizi. Mfumo wa Floyd Rose, unaofunga nyuzi pande zote mbili kwa skrubu, huvumilia matumizi makali kabisa. Pamoja na hayo, uzi mmoja ukikatika gitaa zima hupoteza sauti, na kufunga mwingine huhitaji vifaa na dakika nyingi. Mpiga solo wa bendi yenye gitaa moja tu la akiba, au lisilo na akiba, afadhali auache mfumo huo kwa wenye mafundi wao.

Katika muziki wa Afrika Mashariki na Kongo

Kwa miaka mingi mpiga solo wa Tanzania hakuchagua gitaa, alilikuta. Bendi nyingi zilikuwa chini ya mashirika na jumuiya, na vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. NUTA Jazz, kwa mfano, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alipohama, gitaa lilibaki. Wapigaji wa enzi hiyo walijifunza kutafuta sauti yao kwa vidole na kwa vitufe vya toni, na hilo husikika katika rekodi: Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na baadaye Super Volcano, hutambulika kwa sauti chache tu za mwanzo.

Mtindo wa solo wa Kongo, uliokuzwa na Franco pamoja na Nico Kasanda aliyeitwa Daktari, umejengwa juu ya sauti safi. Magitaa husukana kama nyuzi za mkeka, na likikwaruzwa moja mengine hupotea. Mi-solo hukaa juu ya ridhimu na chini ya solo, na wapo wapigaji wanaobadilisha uzi wake wa nne kwa uzi mwembamba ulio oktava moja juu, ili usizame katika besi. Benga ya Kenya, iliyochota mengi kwenye nyatiti ya Waluo, hutaka solo kavu inayokatika haraka, kama nyuzi za nyatiti zenyewe. Katika mitindo yote hiyo pikapu ya koili moja huwa mshirika mwema, na mpigaji anayekwenda dukani akifuata picha ya mwanamuziki wa hevi metali huweza kurudi na gitaa zuri lisilofaa kwa kazi yake.

Amplifaya na umeme

Gitaa la umeme ni nusu ya chombo. Nusu ya pili ni amplifaya, na gitaa la wastani kwenye amplifaya nzuri husikika vizuri kuliko kinyume chake. Jimmy Page, ambaye picha zake nyingi ni za Les Paul, alitumia Telecaster katika sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, na wasikilizaji wengi hawakutambua. Anayepanga bajeti afadhali asimalize fedha zote kwenye gitaa.

Hapa pana hatari ambayo imeunguza vifaa vingi. Amplifaya zilizotumika kutoka Marekani hutengenezwa kwa volti 120 na za Japani kwa volti 100, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Ikichomekwa moja kwa moja huungua mara moja. Kibandiko cha nyuma husomwa kabla ya kulipa, na kama hakuna swichi ya kubadilisha volti, bei ya transfoma ya kushushia umeme huhesabiwa humo humo. Ardhi mbovu huhatarisha hata maisha, kwa kuwa mpigaji anayeshika nyuzi za chuma na kugusa maikrofoni kwa mdomo huweza kupigwa na umeme.

Kukagua gitaa lililotumika

Magitaa mengi hubadilisha mikono kabla ya kufika kwa mwanafunzi. Ukaguzi huanza kwenye shingo: gitaa huinuliwa na kutazamwa kutoka kichwani kuelekea darajani, kama seremala anavyokagua ubao. Mpindo mdogo wa mbele hurekebishwa kwa kukaza chuma kilicho ndani ya shingo, lakini shingo iliyojisokota haina dawa ya bei nafuu. Kwa magitaa ya namna ya Fender, shingo imefungwa kwa skrubu nne na huweza kubadilishwa. Iliyogundishwa ikivunjika kichwani, kama ilivyo kawaida ya Les Paul zilizoanguka, ni kazi ya fundi hodari.

Kisha kila uzi hupigwa kwenye kila freti, taratibu, kusikiliza uzi unaogonga au kunyamaza. Freti zilizochimbwa na nyuzi huonekana kwa macho. Uzi ukiguswa tu juu ya freti ya 12 bila kubonyezwa hutoa sauti nyembamba. Ukibonyezwa palepale sauti iwe ileile. Zikitofautiana, huenda daraja linahitaji kusogezwa tu, na bei hiyo hupunguzwa kwa muuzaji. Vitufe vya volyumu na toni huzungushwa amplifaya ikiwa imewashwa: mkwaruzo ni vumbi au kutu, na husafishika. Kwa miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Zanzibar, chumvi ya hewani hula nyuzi na skrubu za daraja upesi, hivyo skrubu hizo hujaribiwa kama bado zinazunguka. Jina lililoandikwa kichwani hutazamwa mwisho, kwa kuwa ndilo rahisi kuliko yote kughushiwa.